Uso wa Sinzia

Persis alizaliwa Sironga, karibu na mji wa Nyamira, akaolewa Tabaka mwaka wa 1956, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa. Tofauti kubwa aliyoikuta huko ukweni haikuwa ya watu bali ya vumbi. Vumbi la Sironga lilikuwa jekundu na lilikaa barabarani. La Tabaka lilikuwa jeupe, laini kama unga wa muhogo, na lilikaa kila mahali: kwenye kope, kwenye maziwa, kwenye mikunjo ya blanketi. Lilitoka katika lile jiwe laini ambalo wanaume wa huko walilichimba na kulichonga, na wanawake wakalisugua.

Mpaka wa kazi ulikuwa wazi. Mwanamume alishika panga, kisu na tupa. Mwanamke alishika msasa, beseni la maji na nta. Msuguaji aliondoa mikwaruzo tu. Akikuta sikio moja limezidi jingine kwa ukubwa, hakuligusa. Alikirudisha kinyago kwa mchongaji, akakiweka miguuni pake bila neno, naye mchongaji akaelewa. Persis alifundishwa hayo katika mwezi wake wa kwanza wa ndoa, na kwa miaka kumi na minane hakuuvuka mpaka huo.

Mumewe, Nyamongo, alikuwa mchongaji asiyelipenda jiwe. Alisema ni zito na halicheki. Mwaka wa 1963 alijiunga na wenzake wanne wakaanza kuzunguka masokoni na vikaragosi, yaani vichwa vya mbao vilivyovishwa nguo na kuchezeshwa kwa mkono juu ya pazia. Waliwafundisha wakulima namna ya kukausha pareto na kuchemsha maji ya kunywa, lakini watu hawakuja kwa ajili ya maji. Walikuja kumwona Bwana Kipimo, karani aliyeegemeza kidole kwenye mizani, Mama Sauti, aliyegombana na kila mtu na kila mara akawa na haki, Chifu Kofia, Mwalimu Hesabu, na aliyependwa kuwapita wote, Sinzia, mlinzi wa ghala la pareto, ambaye wezi walipopita alikuwa amelala, na uji ulipopita alikuwa macho. Kutoka Ekerenyo hadi Nyanchwa walikuwapo watu wazima, wenye kazi na familia, waliokifuata kikundi hicho kutoka soko hadi soko, wakijua kila neno litakalosemwa na wakilisubiri.

Vichwa vyote vitano alivichonga Nyamongo mwenyewe, kwa mti mwepesi wa omotembe. Alipomaliza kile cha Sinzia alikiingiza jikoni, akakiinua karibu na kichwa chake.

"Persis, nitazame," alisema. "Huyu ni mimi."

Persis alikuwa akisonga ugali. Aligeuka, akacheka, akarudi kwenye sufuria. Michezo yenyewe aliiona mara tatu tu, tena akiwa nyuma kabisa, kwa kuwa mke wa mchezaji hakufaa kugombania nafasi na wageni.

Mwezi wa Aprili mwaka 1967, katika mvua za masika, lori lililokuwa likikirudisha kikundi kutoka Ekerenyo liliteleza kwenye kivuko cha mto uliofurika. Wenzake wanne waliogelea wakatoka. Nyamongo alirudi kulivuta sanduku la vikaragosi, na hakuonekana tena mpaka siku ya nne; sanduku halikuonekana kabisa. Cleophas, kaka yake mkubwa, ndiye aliyekwenda kumtambua, na alimtambua kwa mkanda wa suruali. Jeneza lilipofika nyumbani lilikuwa limekwisha kupigwa misumari. Persis aliomba lifunguliwe. Wanaume walikataa.

"Mama Kemuma," Cleophas alimwambia, "yule uliye naye kichwani ndiye mzima. Kaa na huyo."

Akakaa naye, na haikuwa kazi nyepesi. Picha walikuwa wamepiga moja tu, mjini Kisii, nayo Nyamongo alikuwa nayo mfukoni siku ile. Mpiga picha alikuwa amehama na hakuna aliyejua alikokwenda. Kitambulisho kilichobaki kilikuwa na alama ya kidole tu. Mwaka wa kwanza Persis alipofumba macho uso ulikuja wote. Mwaka wa nne ulikuja vipande vipande: leo sikio, kesho pembe ya mdomo. Kufikia mwaka wa 1972 alikumbuka kwamba paji la uso lilikuwa fupi, lakini paji lenyewe hakuliona. Binti yake Kemuma, aliyekuwa na miezi saba baba yake alipokufa, alizoea kumwuliza, "Mama, nafanana naye?" Persis alijibu, "Unafanana naye sana." Hakujua kama alisema kweli.

Katika mwaka huohuo ndipo Cleophas alipoanza kuchonga vinyago vya wale vikaragosi. Wazo halikuwa lake. Karani mmoja wa ofisi ya mazao Nyamira, aitwaye Obadiah, alimkuta Persis sokoni Kisii akiuza vinyago vya viboko na vishikio vya mishumaa vya shemeji yake, akamwuliza kama yuko mtu huko Tabaka awezaye kumchongea Mama Sauti, urefu wa shubiri moja, wa kuweka juu ya meza. Cleophas alikuwa hajaona mchezo hata mmoja, lakini alichonga kwa kufuata maelezo ya karani, akarekebisha, akachonga tena. Obadiah alipotosheka alimwonyesha rafiki yake Obiero, fundi cherehani aliyetoka upande wa ziwani na kufungua duka mjini Kisii. Obiero naye akataka wake. Wa tatu alikuwa Abigael, mkunga kutoka Nyanchwa. Kwa sababu Abigael aliishika Sabato, walikutana siku ya Jumapili dukani kwa Obiero, na kwa sababu Obiero hakujua Ekegusii, walizungumza Kiswahili. Vinyago walivipanga kwenye rafu, juu ya nyuzi za kushonea, na kila Persis alipoleta kipya waliketi kukihukumu.

"Mdomo huu ni wa mtu anayeomba radhi," Obadiah alisema siku ile Mama Sauti wa pili alipofika. "Mama Sauti hakuomba radhi tangu azaliwe."

"Wewe ulikuwa wapi, karani?" aliuliza Obiero bila kuondoa mguu kwenye cherehani. "Ekerenyo ulipanda mparachichi. Mtu akiwa juu ya mti hata mamba humwona anaomba radhi."

"Afadhali mimi wa mtini. Wewe, mtu wa samaki, ulikuwa mstari wa mbele, na macho yalikuwa kwa muuza mandazi."

"Mandazi yale yalikuwa na iliki! Usiyaseme vibaya."

"Acheni utoto," alisema Abigael, akakigeuza kinyago kwenye mwanga wa mlango. "Meno yalikuwa mawili juu, matatu chini, na la katikati limepinda. Mimi ni mkunga. Kazi yangu ni kutazama vizuri mara ya kwanza, maana ya pili huwa haipo. Mama Mawe, mwambie mzee wako akaze mdomo upande wa kushoto."

Mama Mawe ndilo jina walilompa Persis. Hawakujua kwamba alikuwa mjane wa mtu aliyevichezesha vichwa vile. Mwanzoni hawakumwuliza, baadaye yeye mwenyewe hakutaka wajue, kwa maana wangeacha kucheka, wangeanza kumpa pole, na mazungumzo yangekufa. Aliketi na kikapu magotini akiwasikiliza. Mara nyingine aliwaonea wivu. Watu baki hawa walikumbuka jino lililopinda katika kichwa cha mbao walichokiona kwa mbali, naye alikuwa amesahau uso aliolala karibu nao miaka kumi na mmoja.

Kufikia mapema mwaka wa 1974 rafu ya Obiero ilikuwa na wanne: Bwana Kipimo, Mama Sauti, Chifu Kofia na Mwalimu Hesabu. Alibaki Sinzia. Kila Jumapili walimdai, na kila Jumapili Persis alirudi na dai hilo moyoni, kwa sababu lilikuwa limekwisha kuwa lake. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Nyamongo alisema kwamba Sinzia ni yeye. Watu hawa watatu wanamkumbuka Sinzia hadi kope. Kwa hiyo watu hawa watatu wana uso wa mume wangu bila kujua, na wakikubali kinyago, nitakuwa nimeupata.

Cleophas alikataa mara mbili. Mara ya tatu alichagua jiwe lenye rangi ya maziwa, lisilo na mshipa hata mmoja. Kinyago cha namna hiyo kilimchukua siku mbili. Hiki kilimchukua siku kumi na moja, akifanya kazi amewapa watu mgongo na kukohoa kikohozi kikavu cha vumbi. Alipomaliza alikifunga kwa jani la mgomba akampelekea Persis kwenye beseni lake.

Persis alianza kusugua kwa msasa mwororo. Vidole vyake vilipofika kwenye paji la uso vilisimama. Alikitoa kinyago majini, akakitazama. Kilikuwa uso mwembamba, wenye paji fupi na pua nyembamba, macho yamefumbwa nusu. Alidhani anamjua, lakini hakuwa na hakika. Alikitazama mpaka kikakauka na hakika haikuja.

"Baba Jemimah," alimwita shemeji yake, "ni yeye?"

"Nimechonga ninavyomkumbuka."

"Nani? Sinzia?"

"Sinzia sikumwona mimi. Nilimwona ndugu yangu."

"Lakini Sinzia ni ndugu yako. Alisema mwenyewe."

Cleophas alikusanya visu vyake. "Kama ni hivyo," alisema, "hao watu wako watamjua."

Hawakumjua. Obadiah alikipokea kinyago kwa mikono miwili, tabasamu tayari usoni, na tabasamu likaondoka polepole. Alimpa Obiero. Obiero alikitazama, akaangua kicheko.

"Huyu hakulala, ndugu zangu. Huyu anawaza karo za watoto!"

"Na pua," alisema Obadiah. "Hii ni pua ya mzee wa kanisa. Pua ya Sinzia ilikuwa imekaa usoni kama mtu aliyekaa kitandani."

"Paji liko wapi?" alidakia Obiero. "Lilikuwa pana kama ungo. Alipopigwa kijiko pajini, sauti ilifika mpaka kwa wanywa chai."

Abigael alikishika kinyago muda mrefu kuliko wenzake. Alionekana kutaka kusema jambo, kisha akakiweka juu ya meza. "Si Sinzia," alisema.

Persis alikuwa mtu wa kuhakikisha. Obiero alipotoka nje kumpima mteja, alimwuliza Obadiah peke yake: mashavu yalikuwaje? Ya duara, yenye kuning'inia. Obiero aliporudi na Obadiah akaenda kununua soda, alimwuliza Obiero swali lilelile. Ya duara, yenye kuning'inia. Abigael naye, alipomsindikiza hadi kituo cha basi, alisema vivyo hivyo kuhusu mashavu, pua na paji. Mmoja alimwona Sinzia Ekerenyo, mwingine mjini, mwingine Nyanchwa. Mashahidi watatu wa masoko matatu waliafikiana. Upande wa pili alikuwako mzee mmoja mgonjwa wa kifua, na mwanamke ambaye hakutazama vizuri alipoambiwa atazame. Ndani ya basi Persis alikata shauri: Cleophas alikuwa amesahau, na yeye pia.

Alipofika nyumbani alifanya ilivyopasa. Alikiweka kinyago miguuni pa mchongaji bila neno. Cleophas hakukiokota.

"Wamemkataa?"

"Wanasema pua ni nyembamba, na paji ni fupi."

"Jiwe haliongezwi, Mama Kemuma."

"Ukipunguza mashavu kandokando, pua itapanuka. Ukiondoa nywele, paji litapanda."

Cleophas aliiweka tupa chini. "Mimi hapo nimemaliza. Ukitaka Sinzia wao, nitamchonga katika jiwe jingine, kesho. Hili liache."

"Sitaki wawili."

Alisema kweli. Alihofia kuwa na nyuso mbili ndani ya nyumba moja, wa haki na wa kosa, asijue upi ni upi, na binti yake akikua akitazama huku na huku. Alitaka uso mmoja, uliothibitishwa. Akainama, akaiokota tupa ya shemeji yake.

Wanawake wawili waliokuwa wakisugua karibu naye waliacha kazi wakamtazama. Cleophas alisimama, akajifuta vumbi magotini, akaenda zake machimboni.

Kazi ilimchukua wiki tatu. Hakuwa mchongaji, lakini mkono wake ulilijua jiwe hilo kwa ndani, kama mkono unavyojua kitambaa ulichokwisha kukifua mara elfu. Aliyashusha mashavu, pua ikatokeza. Aliondoa nywele, paji likapanda. Kila Jumapili alikipeleka kinyago mjini, akarudi na maagizo: kope ya kushoto ishuke zaidi, mdomo ufunguke, kidevu kirudi nyuma. Kila alipopunguza, kitu kimoja kilimtuliza: wale watatu hawakupishana tena. Walikuwa wakisogea pamoja kuelekea mahali pamoja, naye akadhani mahali hapo ni mumewe.

Jumapili ya nne Obadiah alikifungua kinyago kutoka kwenye kitambaa, akapiga ukelele uliomshtua mteja aliyekuwa akijaribu koti.

"Ndiye! Jamani, ndiye!"

Obiero aliinuka kwenye cherehani. Alikishika kinyago kwa vidole viwili chini ya pindo la kitambaa, akakiinua juu ya meza, akakitikisa kichwa kidogo kama afanyavyo mtu anayepambana na usingizi, na kwa sauti nzito ya puani akasema maneno ya Sinzia: "Nani hapo? Kama ni mwizi, pita taratibu. Kama ni uji, simama!"

Walicheka mpaka Obadiah akafuta macho kwa mkono wa shati. Persis pia alicheka, maana sasa alimwona. Alimwona Sinzia wazi kabisa, kama alivyokuwa miaka saba iliyopita, juu ya pazia la bluu, akiyumba na kupiga miayo. Pua ileile, paji lilelile. Kisha akatazama chini ya pazia, mahali mwenye mkono alipokuwa amesimama, akangoja uso wa pili ufuate. Haukufuata.

"Hapo sasa," alisema Abigael kwa kuridhika. "Na si kama kile ulichotuletea kwanza, Mama Mawe. Siku ile nilitaka kukuuliza, nikaona hawa watanicheka. Mzee wako alimjua yule kijana aliyekuwa akivichezesha?"

"Kijana yupi?" aliuliza Persis.

"Yule marehemu. Siku moja pale Nyanchwa alijikata kidole na kisu, wakaniita nyuma ya pazia nimfunge. Alikuwa na uso mwembamba, paji fupi, na pua yake nyembamba hivi. Kinyago chako cha kwanza kilikuwa yeye mtupu! Nilidhani mzee amechanganya, akamchonga mchezaji badala ya Sinzia."

"Si Sinzia ndiye alikuwa yeye?" Persis aliuliza. "Si walifanana?"

"Wafanane wapi! Yule kijana alikuwa mzuri wa sura. Nilimtania, nikamwambia, wewe ndugu, mbona umechonga kitu kibaya hivi? Akasema, 'Huyu ni mimi nikisinzia nikishashiba.' Alikuwa mtu wa mzaha. Tena alinieleza kwamba vichwa vile ilibidi vikuzwe pua na paji ili mtu wa mwisho nyuma ya watu mia tatu aone."

"Mbona hukusema, Sista?"

"Ungeniuliza habari za mtu, ningekueleza habari za mtu," alijibu Abigael kwa upole, kwa kuwa hakuelewa. "Wewe uliuliza kama ni Sinzia."

Persis aliweka mkono juu ya meza. Obiero alimwuliza kama anaumwa. Alisema ni njaa. Walimpa chai na mkate, naye akanywa chai yote, akala mkate wote, akawaachia kinyago kwenye rafu, wa tano katika safu, kama walivyokuwa wakitamani kwa muda mrefu. Hakuwaambia. Kuwaambia kungewaharibia furaha bila kumrudishia yeye kitu. Vumbi la uso ule wa kwanza lilikuwa limekwisha kufagiliwa na kumwagwa pamoja na maji ya beseni, nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

Cleophas hakumlaumu alipomweleza. Alitafuta jiwe jingine lenye rangi ya maziwa, akajaribu. Kinyago cha kwanza kilifanana naye Cleophas mwenyewe. Cha pili kilikuwa na kitu cha baba yao. Kabla ya cha tatu maagizo ya Sinzia yalikuwa yameanza kumiminika, kwani Obadiah alikionyesha kinyago ofisini, na kila aliyewahi kukifuata kikundi alitaka wake: wa Nyamira, wa Keroka, hata mmoja aliyehamia Nakuru. Cleophas alichonga Sinzia asubuhi na Sinzia mchana, akifuata ule uso uliokubaliwa, na alipoketi tena kumtafuta ndugu yake, mkono ulishuka wenyewe ukaacha pua pana. Alikitazama kinyago hicho cha tatu, akakivunja vipande viwili kwa panga. Persis hakuwahi kumwona akivunja jiwe zima.

"Mara ile nilikuwa naye," alisema. "Sasa hayupo."

Mwaka wa 1976 hospitalini waliwaambia kwamba mapafu ya Cleophas yamejaa vumbi na hayatasafishika. Aliendelea kuchonga akiwa ameketi juu ya gunia, kisha akiwa ameegemea ukuta. Alikufa Februari mwaka uliofuata. Kazi ya kuchonga ilichukuliwa na Ogari, mume wa Jemimah, kijana mwepesi wa mkono ambaye hakuwahi kumwona Nyamongo wala kikaragosi chake, na ambaye Sinzia zake zilitoka zote sawasawa, kama matofali. Dukani kwa Obiero walilalamika kwamba huyu mpya amepoteza ule ulegevu wa kope. Walibishana Jumapili mbili, kisha wakazoea.

Persis alizisugua. Katika wiki moja nzuri aliweza kupitisha vichwa arubaini mikononi mwake. Kemuma, aliyekuwa amemaliza miaka kumi na miwili, aliketi mkabala naye kwenye beseni wakati wa likizo. Bila idhini ya mtu alikuwa amechagua Sinzia mmoja mwenye ufa sikioni, asiyeuzika, akamweka dirishani mwa chumba chao; na mwalimu mmoja alipomwuliza Persis njiani kama ni kweli kile kinyago ambacho mtoto alikileta darasani ni sura ya baba yake, Persis alijibu kwamba watoto husema mengi.

Siku ile aliporudi alijaribu kulinyoosha jambo.

"Kemuma, yule wa dirishani si baba yako."

"Ulisema alijichonga mwenyewe."

"Alitania. Baba yako alikuwa na uso mwembamba."

Kemuma aliacha kusugua. "Mwembamba vipi? Kama wa Baba Jemimah?"

"Hapana. Si hivyo."

"Kama wangu?"

Persis alimtazama binti yake. Aliutazama uso ule sehemu baada ya sehemu, kama alivyokagua kinyago kabla ya kukipaka nta, akitafuta paji, akitafuta pua. Lakini kila alipokaribia kuona jambo, Sinzia alitangulia mbele yake na miayo yake.

"Alikuwa mrefu," alisema mwishowe. "Akitembea aliinua bega la kushoto. Mikono yake ilikuwa na joto hata wakati wa mvua. Alikula haraka."

"Na uso, Mama?"

"Ongeza maji," alisema Persis. "Jiwe limekauka."

Kemuma alikwenda mtungini akarudi na kata ya maji, akayamimina kwenye beseni. Walikuwa wamebakiza vichwa kumi na sita, navyo vilitakiwa mjini Jumapili.